Nukta tatu zinamsubiri nani? Somo la lugha katika mwongozo wa Cassandra

Mwaka jana nilikuwa nakusanya maneno ya Kisanga kwa wazee, kwa ajili ya kazi yangu ya kumaliza masomo. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na kompyuta yangu ikafa pamoja na orodha ya miezi minne. Rafiki yangu wa kitivo cha informatika alinicheka kidogo, kisha akanihurumia. Yeye alikuwa anasoma Cassandra, hifadhidata inayogawa data katika mashine nyingi, kusudi moja ikifa nyingine ziendelee na kazi.

"Kwa orodha yako ni kama kukodi lori kubeba kikapu cha mihogo," aliniambia, "lakini njoo tujaribu. Tena wewe ni mtu wa lugha. Nitafsirie mwongozo wa kuanzia, maana wenzetu wanaushindwa kwa sababu ya Kiingereza."

Nikatafsiri kurasa mbili, nikazigawa kwa wenzangu wanne wa kitivo chetu, wote wakijua Kiswahili vizuri. Hakuna hata mmoja aliyefika mwisho. Dada mmoja alinirudishia karatasi akisema, "Yaya, mimi si mtu wa mashine." Neno hilo liliniuma, kwa sababu nilijua kwamba kosa halikuwa lake. Makala hii inaeleza kosa lilikuwa wapi, na nini nilibadilisha.

Cassandra ni kitu gani

Programu hii ilianzia katika kampuni ya Facebook, ambako ilitumika kutafuta ujumbe katika visanduku vya watumiaji. Mwaka 2008 ilitolewa wazi kwa watu wote, na mwaka 2010 ikawa mradi kamili wa Apache. Jina lake ni la mwanamke wa hadithi za Kigiriki aliyetabiri ukweli bila mtu kumwamini.

Kila mashine inayoshiriki huitwa nodi. Nodi zote zina cheo kimoja, hakuna mkubwa wala mdogo. Anayeanza haoni picha wala vitufe: anafanya kazi katika dirisha la amri, kwa kuandika maneno. Vifaa vyake vya kwanza ni viwili. Kimoja ni nodetool, kinachoeleza hali ya nodi. Kingine ni cqlsh, ambamo unaongea na hifadhidata yenyewe ili kuunda majedwali na kuingiza data. Programu huwashwa kwanza, ndipo vifaa hivi viwili vinafanya kazi.

"Hapa" ni wapi?

Mwongozo niliotafsiri ulikuwa unasema tu: "andika amri hii", kisha "andika amri ifuatayo". Sisi tunaosoma lugha za Kiafrika tunajua kwamba Kiswahili kinatenganisha hapa, hapo na pale. Hapa ni kwangu mimi ninayesema, hapo ni kwako wewe unayesikia. Mwandishi wa mwongozo alikuwa na "hapa" yake akilini, lakini msomaji hakupewa "hapo" yake.

Katika kazi hii kuna mahali pawili pa kuandika, na panafanana kwa rangi na umbo. Pa kwanza ni dirisha la kawaida la amri. Vitabu vingi hulionyesha kwa alama ya dola mwanzoni mwa mstari, na wenzangu wawili waliiandika dola hiyo wakidhani ni sehemu ya amri. Pa pili ni ndani ya cqlsh, ambapo mstari huanza na neno cqlsh>. Amri ya nodetool status ni ya mahali pa kwanza. Amri ya CREATE KEYSPACE ni ya mahali pa pili. Ukizibadilishana, hazitafanya kazi, na mashine haitakuambia kwamba umesimama katika nyumba ya jirani.

Dawa yake ni ndogo. Kabla ya kila amri niliandika mahali pake: "Katika dirisha la kwanza", "Ndani ya cqlsh". Na kwa kuwa programu iliyowashwa kwa amri ya bin/cassandra -f hulishika dirisha lake lote, niliongeza sentensi ambayo mwongozo wa awali haukuwa nayo: "Usilifunge dirisha hili. Fungua lingine."

Kusubiri nako ni hatua

Mwenzangu wa pili aliwasha Cassandra na papo hapo akafungua cqlsh. Jibu lilikuwa kwamba muunganisho umekataliwa. Akadhani ameharibu kitu, akafuta kila kitu na kuanza upya, mara tatu.

Hakuwa ameharibu kitu. Cassandra huchukua muda kuamka, na kabla haijafungua mlango wake namba 9042, cqlsh haina pa kuingilia. Inapokuwa tayari huandika mstari wenye maneno Starting listening for CQL clients. Kama yule mwanamke wa hadithi, ilikuwa imesema ukweli, lakini mistari mingi ilipita na hakuna aliyejua upi ni wa kuaminiwa. Mwandishi mzoefu husubiri bila kujua kwamba anasubiri, ndiyo maana hakuandika "subiri".

Nilipata tatizo lingine la Kiswahili chetu wenyewe. Niliandika: "Ukiona ujumbe wa onyo, endelea." Mwenzangu mmoja alikaa akiungoja ujumbe huo, ambao hautokei katika kila mashine. Kiambishi -ki- kinabeba maana mbili: "kama" na "wakati". Mimi nilikusudia kama, yeye alisoma wakati. Sasa natofautisha. Kwa jambo la lazima naandika: "Lazima utaona maneno haya. Usipoyaona, usiendelee." Kwa jambo la bahati naandika: "Pengine utaona onyo. Likitokea au lisipotokea, endelea."

Nukta tatu

Yule dada aliyerudisha karatasi alikuwa amefika mbali kuliko wote. Alikuwa ndani ya cqlsh, akaandika amri yake vizuri, akabonyeza kitufe cha kuingiza. Mashine haikutoa kosa. Ilionyesha nukta tatu tu. Akaniambia baadaye, "Niliona inafikiri, nikaiachia muda." Alisubiri karibu nusu saa, betri ikaisha.

Katika cqlsh amri ya CQL humalizika kwa nuktamkato. Usipoiweka, programu inaona sentensi yako haijaisha, na nukta tatu ni ishara kwamba inakusikiliza bado. Mashine ilikuwa inamsubiri yeye, na yeye alikuwa anaisubiri mashine. Kwetu sisi wasomaji wa barua na ujumbe wa simu, nukta tatu ni mtu anayewaza au anayesita. Alama ile ile ina maana nyingine katika jamii nyingine ya wasemaji, na mwongozo haukusema.

UN

Amri ya nodetool status huleta jedwali dogo. Mwanzoni mwa mstari wa kila nodi kuna herufi mbili, na zikiwa UN mambo ni mazuri. Mwenzangu mmoja alifurahi: "Naona imeandika UN, ni kweli nina moja." Alikuwa amesoma Kifaransa. Kwa kuwa kweli alikuwa na mashine moja, hakuna aliyegundua kosa lake mpaka tulipounganisha mashine tatu. Kila moja iliandika UN, naye akauliza kwa nini hazikuwa UN, DEUX, TROIS.

Herufi hizi ni vifupisho vya Kiingereza. Ya kwanza inasema kama nodi inafanya kazi: U ni ndiyo, D ni hapana. Ya pili inasema iko katika hali gani: N ni kawaida, J inajiunga, L inaondoka, M inahama. Kwa hiyo DN ni nodi iliyokuwa mwanachama wa kawaida na sasa imezimika. Mtu wa Lubumbashi anayesoma shule kwa Kifaransa, anayezungumza Kiswahili sokoni na Kisanga nyumbani, anasoma skrini kwa lugha zote tatu. Anayeandika mwongozo kwa ajili yake hana budi kuzikumbuka.

Kosa langu mwenyewe

Kosa moja silitupii mwandishi wa kwanza. Niliandika tafsiri yangu katika programu ya kuandikia barua, ambayo hupamba maandishi bila kuulizwa. Alama zangu za kunukuu zilizonyooka zikapindwa, na vistari viwili mfululizo vikaunganishwa kuwa kimoja kirefu. Kwa jicho ni kitu kile kile, lakini kwa Cassandra si hivyo. Amri hii ni sahihi:

CREATE KEYSPACE maneno WITH replication = {'class': 'SimpleStrategy', 'replication_factor': 1};

Weka alama zilizopindwa, nayo itakataliwa. Tena mashine zetu nyingi zina kibodi ya Kifaransa, AZERTY, ambapo mabano haya ya mawimbi hupatikana kwa kushikilia kitufe cha AltGr: la kufungulia kwa 4, la kufungia kwa kitufe cha alama ya kulingana. Hilo nalo nimeliandika. Namba 1 mwishoni ni idadi ya nakala. Ukiwa na mashine moja, omba nakala moja. Ukiwa nazo tatu, unaweza kuomba tatu.

Ukurasa mpya

Mwanzo wa tafsiri yangu ya kwanza ulikuwa hivi: "Sakinisha Java, pakua Cassandra, iwashe, kisha uunganishe kwa cqlsh." Mstari mmoja, vitendo vinne, hakuna hata kimoja kinachosema mwisho wake unafananaje. Sasa unaanza hivi:

1. Mashine yako ina Windows? Cassandra tangu toleo la 4.0 haiwashwi moja kwa moja ndani ya Windows. Unahitaji Linux kwanza. Soma ukurasa wa 3 kabla ya kutumia mega zako kupakua kitu.

2. Katika dirisha la kwanza andika java -version. Kwa toleo la 5.0 la Cassandra lazima uone 11 au 17. Ukiona namba nyingine, au ukiambiwa kwamba amri haijulikani, usiendelee. Si kosa lako. Dawa iko ukurasa wa 4.

3. Ingia katika folda ya Cassandra, andika bin/cassandra -f. Mistari mingi itapita, usiisome yote. Subiri mstari wenye maneno Starting listening for CQL clients. Usilifunge dirisha.

4. Fungua dirisha la pili, ingia katika folda ile ile, andika bin/cqlsh. Lazima uone cqlsh>. Umeingia.

Kila hatua ina mambo matatu: mahali, kitendo, na dalili ya kwamba imefaulu. Ukurasa umekuwa mrefu zaidi, na unasomwa haraka zaidi. Mwanafalsafa Grice alifundisha, katika makala iliyochapishwa mwaka 1975, kwamba msemaji mwema hutoa habari kwa kiasi kinachohitajika. Mimi nilikuwa nakariri kanuni hiyo kwa ajili ya mitihani. Sikuwa nimeona kwamba kiasi hicho hupimwa kwa anachokijua msikilizaji.

Nilimrudia yule dada na karatasi mpya. Sikumsaidia, nilikaa nyuma yake na kalamu, nikiandika kila alipositasita. Alisita mara mbili, na sehemu hizo mbili nimezirekebisha. Alipoona UN, alinigeukia akasema, "Inafanya kazi, hali ya kawaida." Hilo ndilo jaribio ninalowashauri wenzangu wa kitivo: usimwulize msomaji kama ameelewa, maana kwa heshima atasema ndiyo. Mtazame akifanya.

Orodha yangu ya Kisanga nimeianza upya, na safari hii ina nakala tatu. Mzee mmoja kati ya wale niliowahoji amefariki, na maneno ya kuyeyusha shaba aliyoyapata kwa babu yake sitayasikia tena. Mwongozo mbaya haukuyapoteza; niliyapoteza mimi kwa kuweka kila kitu mahali pamoja. Lakini wako wenzetu wengi wenye madaftari na simu zilizojaa sauti za wazee, na chombo cha kuzilinda kipo bure. Kinachowazuia wengi ni ukurasa wa kwanza, na ukurasa ni kazi yetu.