Miwani Yako Bado Inakufaa? Jipime Kabla ya Kwenda Dukani



Kila muhula unapoanza hapa Rusayl, swali hili halikosi: hivi miwani hubadilishwa baada ya muda gani? Mmoja atakwambia mwaka, mwingine miaka miwili, na mwenye duka atakwambia leo hii. Ukweli ni kwamba miwani haina tarehe ya kuisha kama maziwa au dawa. Hubadilishwa kwa sababu, na sababu zenyewe ni tatu tu: jicho limebadilika, lenzi imechakaa, au fremu imehama mahali pake. Iko na hali ya nne, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu: tatizo si miwani kabisa, ni ugonjwa. Asiyeweza kuzitofautisha hali hizi hupoteza riyali zake bure, na akikosa bahati hupoteza jicho.

Mimi si daktari wa macho. Nasoma uhandisi, shahada ya uzamili, na navaa miwani tangu sekondari. Lakini sisi wa mitambo tuna kanuni moja inayofaa hapa: mashine ikigoma, hununui spea kabla hujajua kilichoharibika. Tufanye hivyo hivyo na miwani.

DALILI ZA KUANGALIA

Wengi wetu hatugundui mapema kwa sababu macho hufifia pole pole, na mwili una ujanja wa kufidia. Jichunguze: Unakunja macho kusoma kilichoko ubaoni? Siku hizi unawahi kiti cha mbele wakati zamani ulikaa nyuma na wenzako? Kichwa kinakuuma jioni baada ya kompyuta? Unaisukuma miwani ikaribie jicho ndipo uone vizuri? Usiku, taa za magari zinatoa miale kama nyota?

Kwa wenye kuendesha gari jambo hili si dogo. Barabara kuu ya Muscat Expressway inaruhusu kilomita 120 kwa saa. Piga hesabu: hizo ni mita 33 kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja tu kusoma kibao kinachokuelekeza njia ya Nizwa au ya Seeb, umeshakwenda mita 33 bila kujua unakwenda wapi, na nyuma yako kuna lori la kokoto. Ulipimwa macho siku ya leseni, sawa, lakini kipimo kile kilisema habari za siku ile tu.

KIPIMO CHA TUNDU LA PINI

Hiki ni kipimo cha zamani ambacho madaktari wenyewe hukitumia, na hakina gharama. Chukua kadi ngumu, itoboe kwa pini tundu la kama milimita 1. Osha miwani yako, ivae, ziba jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza. Tazama maandishi ya mbali yanayokusumbua, kisha yatazame tena kupitia tundu. Halafu rudia kwa jicho la pili. Kila kitu kitaonekana chenye kiza kidogo, usishtuke.

Maandishi yakisafika kupitia tundu, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba namba ya miwani yako imepitwa na wakati. Sababu yake ni hii: tundu dogo hupitisha miale michache tu, na hiyo hufika nyuma ya jicho bila kutawanyika sana, hata kama lenzi haikuikunja sawasawa. Sasa vua miwani urudie tena. Kama bila miwani tundu linaonyesha vizuri, lakini ukivaa miwani unaona ukungu, basi mwenye kosa ni lenzi yenyewe. Na kama tundu halisaidii kitu, ukiwa na miwani wala ukiwa huna, usiende dukani. Nenda kwa daktari wa macho.

KIPIMO CHA RULA

Hiki ni kwa wale tusioona mbali, wenye namba za hasi. Namba ya miwani hupimwa kwa dayopta, na dayopta ni 1 gawanya kwa umbali wa mita. Vua miwani, ziba jicho moja, shika gazeti karibu na uso, kisha lisogeze nje taratibu mpaka herufi zianze tu kutia ukungu. Mwenzako apime umbali huo kutoka kwenye jicho. Ukipata sentimita 50, yaani nusu mita, uko kwenye hasi 2. Sentimita 25 ni hasi 4. Sentimita 20 ni hasi 5.

Linganisha na karatasi yako ya zamani. Ikiwa karatasi inasema hasi 4 na wewe leo ukungu unaanza kwenye sentimita 20, jicho limehama dayopta nzima na miwani hiyo haikutoshi tena. Haya ni makadirio tu, tena mwenye astigmatizimu, yaani jicho lisilo duara sawasawa, atapata majibu ya kuyumba. Usiagizie miwani kwa rula! Itumie kujua kama kuna haja ya kwenda kupimwa.

LENZI NA VUMBI LETU

Rusayl mnaijua. Kuna eneo la viwanda, kuna saruji, kuna mawe yanayokatwa, malori hayalali. Vumbi hili lina chembe za kwazi, ileile ya kwenye mchanga, na kwazi ni ngumu kuliko plastiki yoyote ya lenzi. Ukifuta miwani kavu kwa upindo wa shati, unapiga msasa lenzi zako kwa mkono wako mwenyewe. Mimina maji kwanza vumbi lichukuliwe, tia tone la sabuni ya vyombo, suuza, ndipo ufute kwa kitambaa laini kisafi. Na nyie wa maabara, asetoni ikae mbali: inaharibu kabisa lenzi za polikaboneti.

Adui wa pili ni joto. Tarehe 26 Juni 2018, kule Quriyat, kusini-mashariki ya Maskati, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana. Sasa fikiria ndani ya gari lililofungwa, juani, miwani iko juu ya deshibodi. Lenzi ni plastiki, na juu yake kuna utando mwembamba sana wa kuzuia mng'ao. Plastiki ikipata joto hutanuka zaidi kuliko utando, na utando hauna la kufanya ila kupasuka. Utaona nyufa ndogo ndogo kama tope lililokauka. Nyufa hizo hazifutiki wala hazitengenezeki; lenzi hiyo ni ya kubadilisha.

Mkwaruzo wa pembeni hauna neno, vaa tu. Ulioko katikati, mbele ya mboni, ndio wenye madhara, kwa sababu hutawanya mwanga na usiku unakuzidishia miale ya taa. Hapo badilisha lenzi, si lazima fremu. Watu wengi hawajui kwamba fremu nzima inaweza kuwekewa lenzi mpya, kwa hiyo uliza.

FREMU IKIHAMA

Lenzi huchongwa ili kitovu chake kikae mbele ya mboni. Fremu ikipinda, kitovu kinahama. Chukua mwenye hasi 5 pande zote mbili, fremu imepinda mpaka lenzi moja iko juu ya nyingine kwa milimita 4. Kwa kanuni ya macho, zidisha 5 kwa sentimita 0.4, unapata 2: maana yake kwa kitu kilicho mita 1 mbele, picha ya jicho moja na ya jicho la pili zinapishana sentimita 2 juu na chini. Ubongo unahangaika kuziunganisha siku nzima, na wewe unameza panado ukidhani ni tasnifu.

Vilevile miwani ikiteremka puani inapungua nguvu. Lenzi ya hasi 8 ikisogea mbele sentimita 1, jicho linapata kama hasi 7.4 tu. Ndiyo maana ukiisukuma juu unaona vizuri.

Kipimo chake ni rahisi. Weka miwani juu ya meza, mikono imefunguliwa. Je, inakaa sawa au inayumba kama kiti kibovu? Simama mbele ya kioo: mboni zote mbili ziko urefu mmoja ndani ya lenzi? Ikiwa hapana, fundi wa duka ataipasha moto kidogo na kuinyoosha kwa dakika chache, pengine bila malipo. Kuna mwenzetu mmoja aliyeambiwa dukani kwamba namba imebadilika na anahitaji miwani mpya kamili. Alipokwenda duka la pili, fremu ikanyooshwa, skrubu ikakazwa, maneno yakaisha. Anaivaa mpaka leo.

TATIZO LISIPOKUWA MIWANI

Hapa nawaomba msome kwa makini.

La kwanza ni keratokonasi. Konea, kile kioo cha mbele cha jicho, huwa nyembamba na kuchongoka kama pia. Ugonjwa huu huanza zaidi kwenye ujana, miaka ya balehe hadi thelathini, yaani umri wetu kabisa, na katika nchi za Mashariki ya Kati unaonekana zaidi kuliko sehemu nyingi za dunia. Kusugua macho kunauchochea, na vumbi na mzio vinatufanya tusugue. Dalili yake ndiyo hii: namba inabadilika kila baada ya miezi michache, hasa ya astigmatizimu, na hata ukivaa miwani mpya unaona herufi zina kivuli. Mtu wa namna hii anaweza kununua miwani mara tatu kwa mwaka na asipone. Ukiwahi, yako matibabu ya matone ya vitamini B2 pamoja na mwanga wa urujuanimno, yanayoikaza konea ugonjwa usiendelee. Ukichelewa, inaweza kufika mpaka kuwekewa konea ya mtu mwingine. Kwa hiyo namba ikibadilika haraka, muulize daktari konea yako ipimwe umbo. Na acha kusugua macho!

La pili ni kisukari. Sukari ikipanda, lenzi ya ndani ya jicho hubadilika maji yake na namba inahama ndani ya siku au wiki. Matibabu yakianza, namba inahama tena. Ukikimbilia miwani katikati ya hayo, baada ya mwezi haifai. Kwanza sukari itulie wiki kadhaa, ndipo upimwe. Na mwenye kisukari achunguzwe nyuma ya jicho kila mwaka, hata kama anaona vizuri.

La tatu ni ya haraka, siku hiyohiyo hospitali: kuona cheche za ghafla na vidoa vingi vyeusi, kama pazia linashuka upande mmoja, jicho jekundu lenye maumivu makali, kuona vitu viwili viwili kwa ghafla, au kupoteza kuona. Usisubiri wikiendi iishe. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos iko hapo jirani Al Khoudh, na mjini Hospitali ya Al Nahdha inajulikana kwa mambo ya macho.

NA WAZEE NYUMBANI

Kuna simu moja inayotufurahisha bure: mama anasema, "Mwanangu, nashukuru Mungu, sasa nasoma bila miwani!" Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hugoma kukunjika, ndipo watu huhitaji miwani ya kusomea. Hali hiyo hairudi nyuma yenyewe. Mzee akianza kusoma bila miwani, mara nyingi ni mtoto wa jicho anayeanza, au sukari. Usimpongeze, mtume kupimwa: CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi, Mnazi Mmoja Unguja, Kikuyu kwa ndugu zetu wa Kenya.

Na kama mzee ni wa umri tu, usidharau miwani ya kusomea unayomnunulia Ruwi. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wachuma chai wa Assam, India: waliopewa miwani ya karibu, kazi yao ilipanda kwa karibu asilimia 22 kuliko wenzao ambao hawakupewa. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na angalau bilioni 1 kati yao tatizo lao lingeweza kuzuilika au bado halijatibiwa. Wengi wao wanakosa miwani tu.

UKIENDA DUKANI

Nenda na miwani ya zamani na karatasi yake. Wana mashine ya kusoma namba iliyomo kwenye lenzi. Usiende kupimwa umechoka baada ya kukesha. Uliza: namba imebadilika kiasi gani? Robo dayopta mara nyingi haina haja ya miwani mpya kama unaona vizuri na hukuumwa. Dai nakala ya vipimo vyako, pamoja na umbali kati ya mboni na mboni, kisha iweke vizuri. Likizo utaihitaji nyumbani. Ukipata miwani mpya, ipe wiki moja au mbili macho yazoee. Zikipita na kizunguzungu kipo, rudi nayo, ni haki yako.

Kwa mtu mzima asiye na maradhi, kupima macho kila miaka miwili kunatosha. Basi leo jioni toboa kadi yako, ujaribu, na umpe wa chumba cha jirani naye ajaribu. Masomo mema.