Kalenda ya Majilio kwa Mtoto Mdogo

Mtoto wa miaka minne ukimwambia zimebaki siku 24 kabla ya Krismasi, hataelewa. Mwaka 1839 mjini Hamburg, Ujerumani, Johann Hinrich Wichern aliwawashia watoto maskini aliowalea mshumaa mmoja zaidi kila siku, wakaona sikukuu ikikaribia. Baadaye zikaja kalenda za karatasi zenye vidirisha 24, kisha za chokoleti. Ni tamu kweli, lakini ikishaliwa imekwisha!

Mimi naonelea tumchagulie ile yenye picha za kuzaliwa kwa Yesu na tendo dogo la wema: leo mpelekee nyanya maji, kesho mgawie mwenzako andazi. Hata visanduku vitupu 24 vya kiberiti vyatosha kuitengeneza. Haba na haba hujaza kibaba.