Je, Wajua? Mto Mmoja, Divai Kemkem

Je, wajua kwamba Loire, mto mrefu kuliko yote Ufaransa, una urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, na mashamba ya mizabibu huufuata hadi karibu na Atlantiki?

Je, wajua kwamba chupa nyingi za huko haziandikwi jina la zabibu? Huandikwa mahali: Vouvray, Chinon, Sancerre. Tangu 1935 sheria ya Ufaransa huyalinda majina hayo. Hupanga mipaka ya mashamba, aina ya zabibu, hata kiwango cha mavuno kwa hekta. Sancerre na Vouvray zilipata ulinzi huo mwaka 1936.

Je, wajua kwamba Muscadet, divai ya karibu na Nantes, inatokana na zabibu iliyohamia kutoka Burgundy? Baridi kali ya mwaka 1709 iliangamiza mizabibu mingi ya eneo hilo. Aina iitwayo Melon, inayostahimili baridi, ikashika nafasi. Divai iliyo bora huachwa juu ya mashapo ya chachu majira yote ya baridi, kisha watu huinywa wakila chaza.

Zabibu inayonistaajabisha kuliko zote ni Chenin Blanc. Huko Savennières hutoa divai kavu kabisa. Vuka mto uingie bonde la Layon, zabibu ileile inatoa divai tamu kama asali! Sababu ni ukungu wa asubuhi unaopanda kutoka mtoni: huleta kuvu wanaotoboa ganda la zabibu, maji yakakauka na sukari ikabaki. Kwa kuwa vichala haviivi pamoja, wavunaji hurudi shambani mara kadhaa, wakichagua kwa mkono. Quarts de Chaume, kipande kimoja cha bonde hilo, kilikuwa cha kwanza Loire kupewa daraja la Grand Cru, mwaka 2011. Savennières nayo ina Coulée de Serrant, shamba la takriban hekta 7 lililopandwa na watawa mwaka 1130. Lina mmiliki mmoja na jina lake la kisheria.

Je, wajua kwamba leo Afrika Kusini ina Chenin nyingi kuliko Ufaransa yenyewe? Hata Dodoma inalimwa.

Je, wajua kwamba mawe laini ya chokaa yaliyojenga makasri ya Loire yaliacha mapango makubwa ardhini? Mji wa Saumur hukomazia humo divai zake zenye mapovu. Katika mapango mengine hukuzwa uyoga.

Je, wajua wazazi wa Cabernet Sauvignon? Mwaka 1997 watafiti wa California walitangaza matokeo ya vinasaba: ni Cabernet Franc, zabibu nyekundu ya Chinon, na Sauvignon Blanc, zabibu nyeupe ya Sancerre. Wote wawili wamestawi Loire.

Je, wajua kwamba Orléans ilipata sifa kwa siki? Divai iliyoharibika safarini kwenye mashua iliishia huko.

Na kabla hujanunua, soma lebo vizuri. Kijiji cha Pouilly kina majina mawili ya kisheria: Pouilly-Fumé ni ya Sauvignon Blanc, Pouilly-sur-Loire ni ya Chasselas. Pouilly-Fuissé si ya Loire hata kidogo. Hiyo ni Chardonnay ya Burgundy.