Kokoto 32 Mavumbini

Msomaji wetu wa Bonga, nje kidogo ya Babati mjini, analalamika kwamba tangu lami ya mpaka Dodoma izinduliwe mwaka 2018 mabasi yanapita kwao kama yamekatika breki. Anauliza: kibarabara kinapoingia kwenye lami, je, mpaka watu wafe ndipo pahesabiwe kuwa pabaya?

Utaratibu wa kawaida ndivyo ulivyo, kwa kweli. Trafiki huandika ajali, na mahali zinapojirudia hupata tuta au kibao cha 50. Tuyaache hayo.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba hatari huhesabika kabla ya damu kumwagika. Chukua kijiti, chora njia nne zinazokutana mavumbini, kila moja na upande wa kwenda na wa kurudi. Chora kila gari linavyoweza kupita: kunyoosha, kukunja kushoto, kukunja kulia. Weka kokoto kila mistari inapoachana, inapoungana au inapokatana. Zitafika 32, na 16 ni za kukatana. Hizo ndizo zinazoua. Chora T: kokoto 9 tu.

Tuziiteje? "Nukta za mgongano" sizitaki, maana mgongano ukishatokea tunaita trafiki. Nasema "nukta za kugombania": magari mawili yanagombania kipande kimoja cha lami.

Fikiria harusi. Wahudumu wanaingia kwa milango minne na masinia ya pilau, kila mmoja anakatiza katikati ya ukumbi. Pilau itaishia kwenye shela la bi harusi. Sasa weka keki katikati, waizunguke wote upande mmoja, anayeingia ampishe aliye kulia kwake. Mabega yatagusana, kachumbari itamwagika kidogo, lakini hakuna atakayemvaa mwenzake ubavuni. Keki hiyo ndiyo kipilefti: nukta 8, za kukatana hakuna. Pasipo na nafasi ya keki, njia nne hupasuliwa kuwa T mbili zilizopishana, zikabaki 18. (Wingi wa magari na kasi navyo vimo, bila shaka.)

Kwenye T ya Bonga kokoto za kukatana ni tatu, na zote zina mtu anayekunja kulia. Kama kibarabara kinatokea mashariki, bodaboda anayekunja kulia kwenda Babati peke yake anabeba mbili. Anayekunja kushoto kwenda Kondoa, upande wa Dodoma, hana hata moja.