Kusoma Cheti cha Damu cha Tezi ya Shingo

(Somo la afya kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni)

Fungueni madaftari yenu, tuanze.

Katika masomo yaliyopita tulijifunza kusoma namba zenye nukta. Leo tutaitumia elimu hiyo katika jambo lenye faida kubwa. Mtu akipimwa damu hospitalini hupewa cheti chenye herufi na namba. Wengi hukikunja wakakitia mfukoni. Wengine huona namba kubwa wakafurahi, au huona namba ndogo wakaogopa. Lakini namba iliyo peke yake haisemi kitu. Lazima ujue ni namba ya nini, na mipaka yake ni ipi. Leo tutasoma cheti cha namna moja tu, nacho ni cheti cha tezi ya shingo.

KAZI YA TEZI

Mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo, pana tezi yenye umbo kama la kipepeo. Madaktari huiita thairoidi. Tezi hii hutengeneza homoni. Homoni ni kama tarishi: huchukuliwa na damu kwenda kila mahali, kuuambia mwili ufanye kazi kwa kasi gani. Homoni inayotoka kwa wingi katika tezi hii huandikwa T4.

Tezi ikilegea, T4 hupungua, na kazi ya mwili wote huwa polepole. Mtu huchoka bila sababu. Husikia baridi wakati wenzake wanasikia joto. Hufunga choo, ngozi yake hukauka, uso huvimba, sauti hukwaruza, na moyo hupiga polepole. Maradhi haya huja kidogo kidogo, hata watu wa nyumbani husema, "Huyu amekuwa mvivu," kumbe ni mgonjwa. Tena dalili hizi hufanana na za maradhi mengine mengi. Kwa hiyo damu hupimwa.

NYAPARA NA KIBARUA

Chini ya ubongo kuna tezi nyingine, ndogo kama punje ya kunde. Hii ndiyo nyapara wa tezi ya shingo. Hutoa homoni yake, iitwayo TSH, kuiamrisha tezi ya shingo ifanye kazi.

Sasa fikiri. Kibarua akifanya kazi vizuri, nyapara husema kwa sauti ya kawaida. Kibarua akilegea, nyapara hupaza sauti. Kibarua akilegea zaidi, nyapara hupiga kelele. TSH ni sauti ya nyapara. T4 ni kazi ya kibarua. Basi andika hivi katika daftari lako:

Tezi ya shingo ikilegea, T4 hushuka na TSH hupanda.

Neno hili huwapoteza watu wengi. Mtu huona TSH imepanda, akasema, "Tezi yangu ina nguvu sana." Sivyo. Kelele za nyapara si nguvu za kibarua.

MIPAKA HUTOKA WAPI?

Katika cheti, mbele ya namba yako, utaona namba mbili zenye mstari katikati, kwa mfano 0.4–4.0. Hiyo ndiyo mipaka ya kawaida, mpaka wa chini na mpaka wa juu.

Mipaka hiyo hupatikana hivi. Wataalamu wa maabara huchukua damu ya watu wengi wasio na ugonjwa huo, wakazipanga namba zao kutoka ndogo mpaka kubwa, kama kuwapanga watu kwa urefu. Kisha huacha chache za mwanzo na chache za mwisho, wakachukua zile za katikati. Katika kila watu 100 wazima, 95 huingia ndani ya mipaka, na 5 hubaki nje. Watu hao 5 si wagonjwa. Kwa hiyo namba iliyotoka nje ya mipaka kidogo tu haitoshi kumwita mtu mgonjwa. Ni alama ya kusema, "Tazameni tena."

Maabara mbili zaweza kuwa na mipaka tofauti, kwa sababu vyombo na dawa za kupimia si za namna moja. Tena vipimo vyenyewe hutofautiana, kama vile kilo na ratili. Maabara moja itaandika T4 yako kuwa 15.4 pmol/L, na nyingine itaandika 1.2 ng/dL. Namba hizi mbili ni kiasi kile kile! Asiyetazama herufi zilizo mbele ya namba atadhani damu yake imeharibika. Basi soma namba yako kwa mipaka iliyopigwa chapa katika cheti hicho hicho, wala usitumie mipaka ya cheti cha jirani.

TUSOME VYETI VINNE

Vyeti hivi nimevitunga kwa ajili ya somo letu. Mipaka ya TSH ni 0.4–4.0. Mipaka ya T4 ni 10–22.

Cheti cha kwanza: TSH 2.1, T4 15. Zote zimo ndani. Nyapara ametulia na kazi inafanyika. Kama mtu huyu bado anachoka, daktari atatafuta sababu nyingine, kama upungufu wa damu.

Cheti cha pili: TSH 38, T4 5. TSH imepita mpaka wa juu mbali sana, na T4 iko chini. Nyapara anapiga kelele, kibarua hawezi. Tezi imelegea kweli, na mtu huyu anahitaji dawa.

Cheti cha tatu: TSH 5.6, T4 14. TSH imepita kidogo, lakini T4 ni ya kawaida. Hapa mara nyingi daktari hasemi upesi. Hupima tena baada ya miezi miwili au mitatu, maana mara nyingine TSH hurudi yenyewe. Pia hutazama umri, kwani kwa wazee TSH huelekea kupanda kidogo.

Cheti cha nne: TSH 1.0, T4 6. Jihadhari na cheti hiki. Aliyepimwa TSH peke yake angeambiwa yu mzima. Lakini T4 iko chini na nyapara hapazi sauti. Huenda nyapara mwenyewe ni mgonjwa. Cheti hiki kirudi kwa daktari bila kuchelewa.

MAMA MJAMZITO NA MTOTO MCHANGA

Hawa wana mipaka yao. Usiwapime kwa mipaka ya watu wengine. Katika miezi ya kwanza mtoto aliye tumboni hutegemea homoni ya mama yake ili ubongo wake ukue. Mwanamke anayetumia dawa ya tezi, akijua tu kwamba ana mimba, aende kliniki mara moja, kwa sababu kiasi cha dawa huhitaji kuongezwa mara nyingi. Asiache dawa kwa kuogopa kumdhuru mtoto. Kuiacha ndiko kunakomdhuru.

Mtoto mchanga, siku zake za kwanza, TSH hupanda sana, na hilo ni la kawaida. Lakini mtoto aliyezaliwa na tezi isiyofanya kazi, asipopewa dawa katika majuma ya kwanza, ubongo wake hupata hasara isiyoweza kurudishwa. Akipewa mapema, hukua na kusoma kama wenzake.

DAWA NA KUPIMA TENA

Mwaka 1891, huko Uingereza, daktari George Murray alimtibu mwanamke mmoja kwa maji yaliyotolewa katika tezi ya kondoo. Mwanamke yule aliishi miaka 28 zaidi. Siku hizi dawa ni kidonge chenye T4 iliyotengenezwa na wataalamu.

Kidonge hiki humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa au saa moja kabla ya kula. Vidonge vya kuongeza damu na vya chokaa visimezwe pamoja nacho, bali ziachwe saa nne katikati. La sivyo, dawa haiingii vizuri mwilini, na cheti kitaonyesha kama kwamba haifai.

Kiasi cha dawa kikibadilishwa, damu hupimwa tena baada ya majuma sita hadi nane. Ukipima baada ya juma moja, namba bado haijatulia. Tena mwambie mpimaji dawa zote unazotumia, hata vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina kitu kiitwacho bayotini, nacho huweza kudanganya vyombo vya maabara.

Mwisho, sikia neno hili. Namba zikirudi ndani ya mipaka, watu wengine husema, "Nimepona," wakaacha dawa. Chungu kinachemka kwa sababu kuna kuni chini yake. Ukiziondoa, kitapoa. Namba ni nzuri kwa sababu unameza dawa. Usiiache wala usiipunguze mpaka daktari aseme.

MASWALI KWA DARASA

1. Tezi ya shingo ikilegea, TSH hupanda au hushuka? Kwa nini?
2. Mtu ana TSH 7.2, na mipaka ni 0.5–5.0. Imepita mpaka upi, na kwa kiasi gani? Je, hilo latosha kumwita mgonjwa?
3. Kwa nini cheti cha nne ni cha hatari?

Jibuni kwa maandishi, kisha mwalimu asahihishe. Na mwenye cheti cha zamani nyumbani akitoe, akisome tena, akipeleke kwa daktari akiwa na maswali yake tayari. Kwaherini.