Mganga Hajigangi: Mazingira ya Kazi ya Fundi wa Vyombo vya Elektroniki

Apitaye katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi hakosi kumwona fundi wa vyombo vya elektroniki. Mezani pake pamejaa redio, runinga na simu za mkononi zilizofunguliwa. Naye ameinama, chuma cha kulehemu kikiwa mkononi. Umma humsifu kwa kuvifufua vyombo vilivyokufa, lakini ni nadra kuyatafakari mazingira anamofanyia kazi. Makala hii inaazimia kuyabainisha madhara yanayomkabili na kueleza ni kwa nini sheria humkinga nusu tu.

Dhara la kwanza hutokana na lehemu. Lehemu iliyozoeleka ni mchanganyiko wa bati, asilimia 60, na risasi, asilimia 40, nayo huanza kuyeyuka katika nyuzi 183 za selisiasi. Wengi hudhani kuwa moshi unaopanda ni wa risasi. La hasha. Katika joto hilo risasi haigeuki mvuke kwa urahisi. Moshi ule hutokana na utomvu wa msonobari uliotiwa ndani ya waya wa lehemu, nao waweza kusababisha pumu. Risasi yenyewe hupitia mkononi: hushika vidoleni, na fundi alaye papo hapo mezani bila kunawa huimeza pamoja na tonge. Aidha, vumbi lake huandamana na nguo hadi nyumbani, wanakocheza watoto, ambao ndio huathiriwa zaidi.

Dhara la pili ni umeme. Runinga za zamani zenye tyubu hutumia umeme unaoweza kuzidi volti 20,000, na tyubu huweza kuuhifadhi hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Mwanagenzi asiyeonywa hulitambua jambo hili siku apigwapo.

Je, sheria yasemaje? Mwaka wa 2007 Kenya ilitunga Sheria ya Usalama na Afya Kazini pamoja na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini. Ile ya kwanza humgusa hata aliyejiajiri, ikimtwika wajibu wa kujilinda. Ya pili humfidia aliyeajiriwa kwa mkataba. Fundi aliyekodi pembe ya meza na kulipwa kwa kila chombo hana mwajiri. Basi anao wajibu, ila fidia hana.

Sheria ikirekebishwa, bado patakuwapo pengo la lugha. Aghalabu maonyo yaliyo kwenye vifaa huandikwa kwa Kiingereza au Kichina, ilhali mwanagenzi hufunzwa kazi kwa Kiswahili. Istilahi hazikosekani: lehemu, bati na risasi zimo katika kamusi. Kinachokosekana ni kuzifikisha mezani kwa fundi. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi; wanafunzi wa lugha hii basi wana kazi ya kufanya nje ya darasa. Sentensi moja tu, "Nawa mikono kabla ya kula", ikibandikwa penye meza ya kulehemu, yaweza kumkinga mganga huyu ambaye hajigangi.