Kinini ikizidi, macho yanaweza kuzimika

Leo tunaandika juu ya kinini, dawa inayojulikana karibu kila nyumba ya Kisangani. Imeokoa wengi. Lakini ikizidi kipimo hudhuru sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, na mtu anaweza kupofuka ndani ya saa chache.

Katika Tshopo tumezoea upofu unaoletwa na inzi wadogo wa mtoni, unaokuja polepole kwa miaka. Huu wa kinini hauna subira.

Mara nyingi unatokana na upendo. Mgonjwa amewekewa kinini katika serumu, anarudi nyumbani, homa haijashuka, basi jamaa wanaongeza vidonge vya sokoni vilivyofungwa kwenye karatasi bila maandishi. Kwa watoto, hatari iko katika chupa ya matone. Ile ya asilimia 20 ina miligramu 200 katika kila mililita 1. Kijiko cha chai cha mililita 5 ni miligramu 1000. Mtoto wa kilo 10 hupewa karibu miligramu 100 kwa mara moja. Mama aliyesikia “kijiko” mahali pa “matone” amempa mara kumi!

Masikio kulia kunaweza kutokea hata kwa kipimo sahihi. Lakini kizunguzungu, kutapika, kusikia kukipungua na macho kuingia ukungu au giza, hiyo ni dharura. Moyo nao unaweza kupiga vibaya, na hilo linaua. Wengi huanza kuona tena baada ya siku au wiki, kwanza katikati; pembeni pengine panabaki giza, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba.

Kwa malaria kali, tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linashauri artesunate kabla ya kinini, hata kwa watoto. Ulizeni kituoni kama ipo.

Wako watakaosema ni uchawi, na familia itazunguka na mgonjwa toka chumba cha maombi hadi kingine. Sisi tunaamini maombi. Tuombe tukiwa njiani kwenda hospitali. Ninyi wa Lubunga, usiku mto ukiwazuia, anzeni na kituo cha karibu. Bebeni chupa au karatasi ya dawa, hata ikiwa tupu, mkamwambie muuguzi bila haya: alikunywa ngapi, saa ngapi.